Debian 12: sauti, printa na mamlaka ya msimamizi

Anayeichukua Debian 12, toleo la mfumo wa Linux, kwa kazi za kila siku anapata mfumo mtulivu sana. Matatizo ya wiki ya kwanza hutokana na swali moja la kisakinishi ambalo wengi hulijibu bila kulisoma: nywila ya root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu. Ukiijaza, akaunti ya root inafunguliwa, na mtumiaji wa kwanza anabaki mtu wa kawaida asiye na sudo, amri inayompa mtumiaji mamlaka ya root. Ukiiacha tupu, root inafungwa na mtumiaji huyo anapewa sudo. Maelezo yapo palepale kwenye skrini, ila yamezama ndani ya aya ndefu, na aliyetoka Ubuntu hajazoea hata kuulizwa. Akiandika sudo kwa mara ya kwanza anaambiwa hayumo kwenye faili ya sudoers, inayoorodhesha wanaoruhusiwa sudo. Lawama hapa ni ya kisakinishi, wala si ya mtumiaji.

Marekebisho ni mafupi. Andika su - na nywila ya root, kisha usermod -aG sudo likifuatiwa na jina lako la kuingilia, halafu toka kwenye akaunti kabisa na uingie upya, maana makundi husomwa wakati wa kuingia tu. Kile kistari baada ya su kina kazi. Ukikiacha, unakuwa root lakini njia za kutafutia amri zinabaki za mtumiaji wa kawaida, /usr/sbin haimo, na utaambiwa usermod haipo. Herufi a nayo usiisahau: bila hiyo unaondolewa kwenye makundi yako mengine ya ziada na kubakiwa na sudo peke yake.

Aliyeacha root tupu naye ana mtego wake. Akiiharibu faili ya sudoers, hali ya uokoaji kwenye GRUB, menyu inayotokea kompyuta inapowaka, haimsaidii, kwa kuwa nayo inadai root ambayo imefungwa. Njia iliyobaki ni kubonyeza e kwenye GRUB, kuongeza init=/bin/bash mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, na kubonyeza F10. Ukifika kwenye ganda la amri, mount -o remount,rw / inafungua diski kwa kuandika. Hapo unarekebisha faili au unaweka nywila mpya kwa passwd, unaandika sync, kisha reboot -f. Ndiyo, yeyote mwenye kibodi yako anaweza kufanya vivyo hivyo, isipokuwa diski iwe imesimbwa, yaani haisomeki bila nywila yake. Kwa laptop, isimbe wakati wa kusakinisha. Na sudoers ihaririwe kwa visudo tu, ambayo hukagua sintaksia kabla ya kuhifadhi.

Upande wa sauti toleo hili limepiga hatua kubwa. GNOME, eneokazi lake, inatumia PipeWire, huduma ya kusafirisha sauti, pamoja na WirePlumber inayoisimamia, na hili ndilo toleo la kwanza ambalo diski rasmi ya usakinishaji inabeba fimuwea (programu za ndani ya vifaa) zisizo huru, baada ya wanachama wa mradi wa Debian kupiga kura mwaka 2022. Laptop nyingi za Intel hazitoi mlio bila kifurushi cha firmware-sof-signed. Dalili yake ni mipangilio kuonyesha kifaa kimoja tu, Dummy Output. Anza na cat /proc/asound/cards. Kadi ya sauti isipoonekana hapo, kuhangaika na PipeWire ni kupoteza muda. Soma sudo dmesg | grep -iE 'sof|snd', sakinisha kilichokosekana, washa kompyuta upya. Mashine mpya sana huenda ikahitaji keneli (kiini cha mfumo) mpya zaidi kutoka bookworm-backports, hazina ya ziada ya vifurushi vipya, kwa sababu keneli 6.1 inayokuja na mfumo haiijui kadi yake.

Kadi ikionekana na bado kimya, fungua alsamixer, kirekebisha sauti cha kwenye ganda la amri, na ubonyeze F6 kuichagua. Safu yenye MM imezimwa. Bonyeza M iwe OO. Angalia pia Auto-Mute, ambayo huzima spika pale tundu la hedifoni linapodhani lina kitu. Kisha tumia pavucontrol kuchagua sauti itokee wapi, maana mara nyingi sauti inapelekwa kwenye HDMI ya skrini isiyo na spika. Kuwasha huduma za sauti upya ni systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse. Usiweke sudo hapo: sauti ni ya mtumiaji aliyeingia, na root haioni kikao chake. Ushauri wa kujiongeza kwenye kundi la audio nao umepitwa na wakati.

Printa ziko katikati ya root na mtumiaji wa kawaida: zina kundi lao, lpadmin. Bila kundi hilo, ukurasa wa kusimamia printa, localhost:631 kwenye kivinjari, unakataa kuongeza printa, hata kama nywila yako ni sahihi. Jiongeze kwa sudo usermod -aG lpadmin na jina lako. Printa za mtandao zenye AirPrint au IPP Everywhere, viwango vya kuchapa bila dereva, hujitokeza zenyewe, mradi avahi-daemon, huduma ya kugundua vifaa mtandaoni, inafanya kazi; hapa Debian 12 inastahili sifa. Kazi zikikwama, lpstat -p inaonyesha kama foleni imesimamishwa. Ifungue kwa sudo cupsenable na jina la printa, baada ya kufuta mabaki kwa cancel -a. Kuwasha kompyuta upya hakuondoi usimamishaji huo.

Kwa USB, huduma ya ipp-usb inaishika printa yoyote inayoelewa IPP, itifaki ya kuchapa, na dereva wa zamani hataiona tena. Ukihitaji dereva wa mtengenezaji, sudo systemctl mask --now ipp-usb, kisha chomoa kebo na uichomeke tena.

Udhaifu halisi upo kwa HP za zamani kama LaserJet 1020 na P1005. Hazihifadhi fimuwea ndani. Lazima ipelekwe kwenye printa kila inapowashwa, na faili hiyo haimo kwenye hplip ya Debian, kifurushi cha madereva ya HP. Inapakuliwa kama plagini kwa hp-plugin -i, na toleo lake lazima lilingane kabisa na la hplip iliyopo. Ndiyo maana printa iliyokuwa ikichapa vizuri hunyamaza baada ya kuhama toleo la mfumo: hplip imebadilika, plagini imebaki ya zamani. Endesha hp-plugin -i tena, zima printa, iwashe.