Fundi wa Kenyatta Market: nguo safi, lakini ile "kesho" yake aki
Kazi yangu ni kutembea na mama kaunti mmoja, yaani mke wa gavana, simtaji, nambebea mkoba na lazima nijue kesho anavaa nini. Watu hudhani nguo zake ni pesa ya kaunti, wapi! Katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47 na magavana wao lakini mke wa gavana haijamtaja popote, hachaguliwi, hana mshahara wa hiyo kazi, na bado kila matanga, kila harambee, kila wodi ya kina mama ikifunguliwa ni yeye anangojwa.

Basi tukaenda kwa huyu fundi Kenyatta Market hapa Nairobi, bila askari, madam na leso yake kichwani, amekalia stuli ya plastiki huku wasusi wanamvuta, "mamaa, tukusuke." Fundi hakumtambua. Hata tepu hakushika, aliuliza tu, hii nguo utaifanyia nini? Madam akasema asubuhi kanisa, mchana matanga, jioni nacheza na kina mama wa chama. Akaambiwa haya inama kama unapokea mtoto, inua mikono, sasa panda hapo kama unaingia gari kubwa. Kitenge chetu kilikuwa cha rangi ya chungwa, akakikunja akakirudisha kwa mfuko, ati hiyo ama manjano ukivaa matangani watu watasahau marehemu waanze kuhesabu vyama vya siasa 😂

Mshono umekaa. Kwapani aliongeza kitambaa kidogo so mikono ikipanda gauni halipandi nayo, na ubavuni kuna mfuko umefichwa wa simu na hankachifu, sababu mkoba hukaa na mimi na watu wakimzunguka simfikii.

Nikamuuliza, na waume wa magavana je, si 2022 tulichagua magavana wanawake 7? Akacheka, mwanaume suti moja inamfikisha uchaguzi ujao.

Sasa shida. Alisema Alhamisi, nikapigiwa simu Jumamosi saa mbili usiku na pindo la mtandio bado limeshikwa na pini, nililishona mwenyewe kwa gari alfajiri tukielekea kanisani. Ni 4,500 ya kushona tu, nusu unatuma kwanza. Bitana nunua yako Biashara Street, ya kwake inawasha.

Tumempelekea vitenge vingine viwili. Shughuli ni Jumapili, nimemwambia ni Jumatano.