Tathmini ya mapointi gadi wa NBA: nani akabidhiwe mpira?

Uliza pointi gadi bora wa wakati wote ni nani, yaani mchezaji anayevusha mpira na kuanzisha mashambulizi, na hutapata majibu mawili yanayofanana. Mmoja atakutajia ubingwa mara tano wa Magic Johnson, mwingine asisti 15,806 za John Stockton, wa tatu atasema Stephen Curry na kukushangaa kwa nini unauliza, wa nne atamkatiza kwamba Curry si pointi gadi hata kidogo. Ubishi hauishi kwa sababu kila mmoja anapima kitu chake. Sisi tumewapima kama huduma. Timu inamkabidhi mtu mpira na kumlipa, nayo inataka jambo moja: kila inaposhambulia, mtu fulani apate mtupo mzuri kabla sekunde 24 hazijakatika. Kwa hiyo maswali yetu ni mawili tu. Mpinzani analazimika kuacha nini wazi ili amzuie? Na akishazuiwa, timu yake inabaki na nini?

Kwanza tuziweke asisti mahali pake, maana ndizo zinazowapoteza wengi. Asisti ni pasi inayozaa kikapu, na huandikwa mpira ukiingia tu. Pasi ileile, kwa mpigaji yuleyule aliyesimama wazi kona, mpira ukigonga ringi haihesabiwi. Aliyepewa pasi akichezewa faulo na kwenda kupiga mitupo huru, hakuna asisti. Pasi iliyozaa pasi ya mwisho nayo haina hesabu. Na mchezaji akikimbia kuzunguka kizuizi, akawavuta walinzi wawili, mwenzake akabaki peke yake chini ya kikapu na kufunga, karatasi ya takwimu haimpi aliyewavuta chochote. Asisti zinaonyesha nani ana mpira mikononi muda mrefu na nani ana wafungaji wazuri kando yake. Ni taarifa muhimu, lakini ni nusu ya habari.

Nusu nyingine iko kwenye kizuizi. Mashambulizi mengi ya NBA huanza hivi: senta, mchezaji mkubwa wa karibu na kikapu, anapanda, anamwekea kizuizi mlinzi wa pointi gadi, yaani anasimama njiani mwake, halafu anageuka kuelekea kikapuni. Ulinzi una njia nne kuu za kujibu. Mlinzi anaweza kupita chini ya kizuizi, hapo pointi gadi anapewa mtupo wa pointi tatu. Senta anayelinda anaweza kubaki nyuma karibu na kikapu, na nafasi inafunguka kati ya mstari wa pointi tatu na eneo la rangi lililo chini ya kikapu. Walinzi wawili wanaweza kumpandia mwenye mpira, na aliyeweka kizuizi anabaki huru, nne dhidi ya tatu. Au walinzi wanabadilishana watu, na pointi gadi anajikuta uso kwa uso na jitu la futi saba. Katika msimu wa kawaida unaweza kuishi ukiwa na majibu mawili kati ya manne. Kwenye mtoano unakutana na timu ileile hadi mara saba. Makocha wataichimba njia usiyokuwa na jibu lake, na kuanzia mechi ya tatu hutaona nyingine. Russell Westbrook alimaliza msimu wa 2016/17 akiwa na wastani wa zaidi ya 10 katika pointi, ribaundi na asisti, akapata triple-double 42, yaani mechi za kufikisha 10 katika aina tatu za takwimu, na tuzo ya MVP ya mchezaji bora. Tatizo lake lilijulikana kwa kila kocha: pita chini ya kizuizi, mwache apige kutoka mbali.

Curry wa Golden State Warriors ndiye namba moja kwenye tathmini hii, na sababu si wingi wa mitupo yake ya pointi tatu, ingawa 402 za msimu wa 2015/16 si jambo la kupita kimya. Kumpita chini ya kizuizi haiwezekani. Kubaki nyuma ni kujitafutia balaa: katika mechi ya 4 ya fainali za 2022, Boston wakiongoza 2-1 na wakiwa kwao, masenta wao waliendelea kubaki nyuma, naye akafunga pointi 43 zikiwemo mitupo saba ya pointi tatu. Kwa hiyo timu nyingi humpandia wawili, wakati mwingine hatua chache tu baada ya mstari wa kati. Hapo mpira unakwenda kwa mwenzake Draymond Green karibu na mstari wa mitupo huru. Mbele yake kuna mlinzi mmoja mkubwa, kona zote mbili kuna wapigaji, na mwenzake mmoja ananyemelea chini ya kikapu. Mlinzi yule akisogea hatua moja, mpira unarushwa juu na kumaliziwa ringini. Akibaki, Green anaingia mwenyewe. Asisti anaandikiwa Green, lakini uwanja ulipasuliwa na Curry ambaye wakati huo hana mpira. Hakuna pointi gadi mwingine anayeleta faida kubwa namna hii akiwa mikono mitupu, na hapo ndipo hoja ya kwamba yeye si pointi gadi inapokosa miguu.

Kasoro zake ni za kweli na zinajulikana. Ana sentimita 188, kwa hiyo wapinzani humwinda upande wa pili: wanamleta mchezaji anayelindwa naye aweke kizuizi ili abadilishiwe mtu mgumu. Cleveland walifanya hivyo fainali za 2016 hadi mwisho. Mechi ya 7, matokeo yakiwa 89-89, Kyrie Irving alipata mabadilishano hayo, akasogea kulia na kupiga pointi tatu juu ya mkono wa Curry zikiwa zimebaki sekunde 53. Shambulizi lililofuata Curry alibadilishiwa Kevin Love, mtu mzito ambaye kwa kawaida angemwacha bila shida, akadunda na kudunda asimtoke, na mtupo wake ukakosa. Kasoro ya pili ni uzembe. Robo ya nne ya mechi hiyohiyo alitoa pasi ya nyuma ya mgongo kwa mkono wa kushoto, mpira ukatoka nje, wakati pasi ya kawaida ya kifuani ingetosha. Ya tatu ni kwamba huduma yake inahitaji fundi msaidizi. Bila mtu mkubwa anayejua kupokea mpira katikati na kuamua ndani ya sekunde moja, ile nne dhidi ya tatu inapotea bure. Fainali za 2019, wafungaji wenzake Kevin Durant na Klay Thompson wakiwa majeruhi kwa nyakati tofauti, Toronto walithubutu hata kumfuata Curry kwa mlinzi mmoja huku wanne wengine wakilinda eneo kwa umbo la mraba, ulinzi unaoonekana zaidi kwenye mashindano ya shule. Uliwasaidia kwa kuwa wapigaji wa kuogopwa upande wa pili walikuwa wamebaki wachache.

Magic Johnson wa Lakers ni wa pili, na pengo ni dogo sana. Sentimita 206 zilimpa vitu viwili ambavyo mafunzo hayawezi kuvileta. Aliona juu ya walinzi wawili waliompandia, hivyo mtego unaowafanya mapointi gadi wafupi warushe mpira wa juu na wa polepole haukumsumbua. Tena alichukua ribaundi mwenyewe na kuondoka nayo. Timu nyingine ziliihitaji pasi ya kwanza kutoka kwa senta kwenda kwa gadi. Lakers waliiruka hatua hiyo, na kabla walinzi hawajageuza viuno, mwenzake James Worthy alikuwa ameshapita pembeni. Wastani wake wa asisti 11.2 kwa mechi haujafikiwa na mtu. Ana MVP tatu, na mechi ya 6 ya fainali za 1980, mwaka wake wa kwanza, aliziba nafasi ya Kareem Abdul-Jabbar aliyeumia kifundo, akamaliza na pointi 42, ribaundi 15 na asisti 7.

Kilichomweka nyuma ya Curry ni mtupo wa mbali na miguu ya ulinzi. Asilimia 30.3 ya pointi tatu maishani mwake ingewafanya makocha wa leo wapite chini ya kila kizuizi. Jibu lake lingekuwa kugeuza mgongo na kumsukuma mlinzi mdogo hadi karibu na kikapu, nalo ni jibu zuri, ila linakula sekunde saba au nane kati ya 24. Mapointi gadi wepesi alikuwa akipangiwa mwenzake awalinde, mara nyingi Michael Cooper au Byron Scott. Fainali za 1991 zilionyesha namna ya kumchosha: Scottie Pippen, mrefu na mwepesi, alimpokea mbali na kikapu na kumfanya auvushe mpira kwa shida, na Bulls wakashinda 4-1. Hata hivyo, kama timu yako haina senta mwenye akili ya pasi wala mfumo uliokomaa, mchukue Magic kabla ya Curry. Yeye anakuja na mfumo wake.

Nafasi ya tatu itawaudhi wengi: Steve Nash, juu ya Stockton. Phoenix walishinda mechi 29 msimu wa 2003/04. Nash alipofika walishinda 62. Msimu huohuo waamuzi walianza kuwa wakali kwa walinzi wanaomshika mwenye mpira kwa mikono, jambo lililomsaidia, lakini sheria ilikuwa ya ligi nzima na yeye ndiye aliyejua kuitumia. Mara nne alimaliza msimu akiwa na angalau asilimia 50 ya mitupo ya uwanjani, 40 ya pointi tatu na 90 ya mitupo huru. Maana yake, ulinzi haukuwa na njia rahisi kati ya zile nne. Mwangalie anapoingia chini ya kikapu bila nafasi ya kufunga: hasimamishi mpira, anaendelea kudunda chini ya ringi na kutokea upande wa pili, na wakati walinzi wanageuza shingo, mtu wa kona ameachwa. Ubaya wake ni ulinzi, ambao ilibidi ufichwe kila usiku, na fainali hakufika kamwe.

Stockton ndiye mwenye dhamana ndefu kuliko wote. Misimu 19, timu moja, na 17 kati ya hiyo hakukosa mechi hata moja. Asisti zake na mipira 3,265 aliyopora ni rekodi ambazo hatudhani zitavunjwa karibuni. Lakini alikuwa na wastani wa pointi 13.1, naye alipenda kutoa hata pale alipostahili kupiga. Ulinzi wa kiwango cha juu uliweza kubaki na Karl Malone, mfungaji mkuu wa timu yake, ukijua kwamba Stockton hatafunga 35 kuwaadhibu. Kwa timu iliyo na mfungaji mkubwa tayari, hakuna uamuzi wenye hatari ndogo kuliko huu.

Chris Paul ni jamaa wa Stockton mwenye mtupo wa kati ulio bora zaidi. Akishauzunguka kizuizi humweka mlinzi wake mgongoni, anapunguza mwendo, senta anasitasita, naye anapiga kutoka karibu na pembe ya mstari wa mitupo huru. Anapoteza mipira michache mno. Shida imekuwa mwili: msuli wa paja ulimtoa mwaka 2018 Houston wakiwa wamebakiza ushindi mmoja kuingia fainali, na mwaka 2021 Phoenix waliongoza fainali 2-0, kisha Jrue Holiday akaanza kumbana tangu upande wake wa uwanja na Milwaukee wakashinda mechi nne mfululizo.

Isiah Thomas anastahili zaidi ya aya hii fupi. Pointi 25 katika robo moja ya fainali za 1988 akiwa na kifundo kilichoteguka, kisha ubingwa wa 1989 na 1990. Oscar Robertson, aliyepata wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na asisti 11.4 msimu wa 1961/62, tumemwacha nje ya orodha kwa sababu alicheza kabla NBA haijawa na mstari wa pointi tatu, uliokuja 1979. Zile njia nne za ulinzi hazikumkabili kwa namna tunayopima hapa.

Kwa wanaocheza sasa, Shai Gilgeous-Alexander ndiye aliyepanda haraka. Msimu wa 2024/25 alichukua tuzo ya MVP, akaongoza ligi kwa wastani wa pointi 32.7, kisha ubingwa na MVP ya fainali. Silaha yake ni breki. Anaingia kwa kasi, anasimama ghafla, mlinzi anapita, na mtupo unatoka mita nne kutoka kikapuni. Wanaolalamika kwamba anatafuta faulo wana hoja, lakini kinachotuhusu sisi ni pasi: alimaliza mechi ya 7 ya fainali dhidi ya Indiana na pointi 29 na asisti 12, maana yake alipoona anapandiwa aliuachia mpira mapema. Luka Dončić ana macho ya pasi mapana zaidi yake. Ila fainali za 2024 Boston walimshambulia kila alipolinda, na mechi ya 3 alitolewa kwa faulo sita zikiwa zimebaki dakika nne na ushei, timu yake ikiwa inakaribia kusawazisha.

Upande wa WNBA, ligi ya wanawake, Sue Bird ana asisti 3,234 na ubingwa mara nne na Seattle Storm, na uchezaji wake unaingia moja kwa moja kwenye kundi la Stockton na Paul. Caitlin Clark yuko kundi la Curry: hupandiwa mbali sana na kikapu. Mwaka wake wa kwanza, 2024, aliweka rekodi ya asisti 337 katika msimu, na rekodi ya kupoteza mipira pia, 223.

Anayetaka kuijaribu tathmini hii mwenyewe achukue nusu ya pili ya mechi yoyote ya mtoano, aanzie mechi ya tatu ya mfululizo kwenda mbele, na asimfuate pointi gadi kwa macho. Amtazame senta anayelinda wakati kizuizi kinawekwa: visigino vyake viko wapi, ndani ya eneo la rangi, kwenye mstari wa mitupo huru, au nje ya mstari wa pointi tatu? Aandike kwa mashambulizi 20. Dhidi ya Curry atawakuta nje karibu kila mara.