Utafiti kwenye makao ya wazee: nawapa nyota 4, ya 5 wamejinyima wenyewe

Mama yangu anaishi makao ya wazee, na watafiti walikuja wakitafuta wazee wa kushiriki utafiti wa kuanguka, yaani mazoezi gani yanawasaidia wasianguke. Kwakweli niliogopa, nikaona mama anaenda kufanywa kitu cha kujaribia.

Aliyenibadilisha ni dada mmoja wa ile timu. Kabla hajafungua mdomo alihakikisha kile kifaa cha masikio cha mama kimewashwa, akavuta kiti wakatazamana uso kwa uso, karatasi ina maandishi makubwaa, akisoma kidogo anatua anauliza "mama, hapo umenielewaje?" Sio "umeelewa?" maana hiyo kila mzee anaitikia ndiyo tu yaishe.

Kumbukumbu za mama zinakuja zinapotea so fomu nilisaini mimi mwanae, lakini kila akija kumpima anamwomba ruhusa upya. Siku moja mama akarudisha mkono ndani ya blanketi akasema leo sitaki, dada akafunga begi lake wakapiga stori weee akaondoka hajapima chochote, na manesi waliendelea kumhudumia mama vilevile. Hapo ndo nikatulia. Na ndo inavyotakiwa, Azimio la Helsinki la 1964, yaani mwongozo wa madaktari duniani wa maadili ya utafiti kwa binadamu, ambalo limefanyiwa marekebisho tena 2024 linataka hata kama ndugu karidhia, mshiriki mwenyewe akikataa aheshimiwe.

Vipimo vyenyewe vya kawaida tu, unainuka kwenye kiti, unatembea mita 3, unageuka unarudi kukaa wanahesabu sekunde.

Kilichoniudhi ni muda, mara mbili walifika wazee wanakula, afu madodoso wakawaachia wahudumu ambao hata kukaa hawapati, mmoja nilimkuta anajaza usiku amechoka hoi.

Na majibu je? Miezi imepita kimya. Mzee aliyekuwa anapimwa siku moja na mama ameshafariki bila kuambiwa kitu, hili limeniuma sana. Mama kuna siku anakumbuka ananiuliza "yule binti alipata alichokuwa anatafuta?" sina cha kumjibu. Nimewaandikia mara mbili. Kama na kwenu wamekuja, kabla hujasaini waulize majibu yataletwa lini na nani atakuja kuwasomea wazee, wakuandikie kabisa.