Mita Moja, Hesabu Mbili: GHG Protocol na GPC Zilipokutana Mezani

Natunza hesabu za gesi joto za kiwanda cha uchapaji, na chombo changu cha kila siku ni GHG Protocol, mwongozo wa makampuni uliotoka mwaka 2001 na kurekebishwa 2004. Jiji lilipotuita tuweke nalo lengo la pamoja, maofisa wake walikuja na mwongozo wao, GPC, wa miji kuhesabu gesi hizo, uliotolewa 2014 na taasisi ya utafiti WRI pamoja na mitandao ya miji C40 na ICLEI. Yote miwili hupatikana bure mtandaoni. Namwandikia yeyote anayejiandaa kwa kikao kama kile, maana sisi saa nzima ya kwanza tuliimaliza kwa ubishi.

Tulibishania mita ya umeme ya kiwanda. Kwenye jedwali langu ilisoma sifuri, kwenye lao ilikuwa na tani tele za gesi joto. Hakuna aliyedanganya. Tangu 2015 GHG Protocol inaitaka kampuni yenye mikataba au vyeti vya umeme jadidifu (hati za kuonyesha imenunua umeme wa jua, upepo na kadhalika) itoe hesabu mbili: moja kwa wastani wa gesi joto za gridi, yaani mtandao wa umeme, inayoihudumia, ya pili kwa vile ilivyonunua. Sisi tulikuwa na vyeti, nami nikapeleka ile ya pili peke yake. Lilikuwa kosa langu. GPC yenyewe hujumlisha umeme kwa wastani wa gridi, kwa hiyo cheti hakipunguzi kitu kwenye jumla ya jiji. Nakubaliana nayo: mashine zetu zilikuwa zikivuta kwenye nyaya zile zile zinazowasha taa za mtaa mzima.

Malori yalituchelewesha pia. Kampuni huhesabu dizeli yote ya malori yake, popote yaendako. Jiji huanza na mpaka wake: moshi unaotoka ndani ni skopu 1 (skopu ni fungu la hesabu), umeme wa gridi unaotumika ndani ni skopu 2, na yanayotokea nje kwa sababu ya shughuli za ndani ni skopu 3. Tulikuwa tumepanga upya safari za masafa marefu na kuokoa mafuta mengi, lakini sehemu kubwa ya akiba hiyo ilikuwa nje ya mpaka.

Kitu kimoja cha GPC nimekipenda kweli. Pale ambapo hakuna makadirio, jiji linatakiwa kuandika NE, yaani "haijakadiriwa", na kueleza kwa nini, na takwimu zilizopo hupewa daraja la ubora: juu, kati au chini. Safu ya taka ya jiji ilikuwa na madaraja ya chini, yakiwa wazi mbele ya wafanyabiashara wote. Hapo ndipo imani yangu kwao ilipoanza. Natamani makampuni nayo yangebanwa hivyo.

Kwa kampuni peke yake, GHG Protocol inatosha. Kwa jiji, sijaona cha kushindana na GPC. Kwa lengo la pamoja, usiingie kikaoni na tani tupu. Beba bili: kilowati-saa za kila jengo, lita za kila lori, na hesabu zote mbili za umeme. Sisi tulirudi wiki iliyofuata na mafaili ya bili, na lengo likaandikwa siku ile ile, kwa kilowati-saa na lita. Tani zimewekwa pembeni kwenye safu mbili, ya jiji na ya kwetu.