TAHADHARI: Fundi aliyeniuzia kalipa nne kwenye gari lenye kalipa mbili

Ndugu zangu wa Minneapolis na St. Paul huku Minnesota, Marekani, na wengine wote mnaoegesha magari nje kwenye baridi ya namna hii, someni hapa kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kalipa ni kile chuma kinachobana pedi kwenye diski ya breki; breki za ngoma hazina.

Kuna fundi anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp akijitangaza kwamba anakuja mpaka nyumbani kutengeneza breki "zilizokufa kwa baridi". Ni mwenzetu, Kiswahili chake kimenyooka, na adabu ya simu anayo hasa. Mimi aliniamkia shikamoo mara tatu kabla hata sijamaliza kueleza shida yangu. Shikamoo hizo zimenigharimu dola 640.

Ilikuwa Januari. Jumamosi ile kulikuwa na kajua, theluji ikalainika, nikapeleka Corolla yangu ya 2010 kuoshwa ili ipungukiwe na chumvi wanayomwaga barabarani. Jioni nikaegesha nje na kuvuta hendibreki. Nilijifunzia gari Mbeya, na kule kwenye miinuko huwezi kushuka garini bila kuivuta, mkono unaenda wenyewe. Usiku baridi ikashuka mpaka nyuzi 24 chini ya sifuri. Asubuhi nawasha, naachia hendibreki, naingiza gia, gari limegoma. Nikaongeza mafuta kidogo, matairi ya nyuma yakaburuzika juu ya barafu bila kuzunguka hata robo.

Jamaa akafika ndani ya dakika 40. Akachukua nyundo, akagonga gonga ngoma ya breki ya nyuma kushoto, akahamia ya kulia, nikasikia "ka!" na gari likaachia. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Maji ya kuoshea yaliingia kwenye ngoma za nyuma, viatu vya breki, vile vinavyobana ngoma kwa ndani, vikiwa vimebanwa na hendibreki vikagandia humo. Barafu tu. Angeniomba dola 30 kwa hizo nyundo ningempa 50 na chai juu.

Lakini alipiga magoti kwenye theluji, akamulika kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya. "Mzee wangu, kalipa zote nne zimekufa. Ukiingia nalo barabara kuu, utaua watoto." Mtu akishataja watoto, akili inahama. Nikamtumia pesa yote palepale kwa Zelle, ile njia ya kutuma pesa kwa simu kutoka benki, bila makadirio ya maandishi, bila chochote. Na pesa ya Zelle ukishaituma kwa hiari yako, kuirudisha ni shughuli. Akaondoka na gari, akalirudisha jioni. Nikachungulia katikati ya rimu za mbele nikaona kalipa zinang'aa fedha kama sufuria za dukani. Nikauliza za zamani ziko wapi. "Nimeshatupa, mzee, zilikuwa uchafu."

Hilo peke yake lilitakiwa kunishtua. Maduka ya spea huku, ukinunua kalipa iliyokarabatiwa, mara nyingi wanakutoza amana juu ya bei, na unarudishiwa ukipeleka ile kuukuu. Fundi aliyezinunua kweli hatupi za zamani. Anazipeleka dukani akachukue hela yake.

Zikapita wiki tatu. Siku hiyo natoka kazini kwa barabara kuu ya I-94, gari zito, linavuta kulia, na kuna harufu ya kitu kinachoungua. Kufika nyumbani nikalizunguka. Rimu tatu zimejaa theluji iliyogandamana. Ya mbele kulia ilikuwa kavu, safi kabisa, na chini yake barafu imeyeyuka ikafanya kidimbwi. Nikasogeza kiganja karibu bila kugusa: moto kama wa jiko la mkaa. Ukiona rimu moja imeyeyusha theluji na wenzake hawajayeyusha, breki ya hapo imeshika, huhitaji kompyuta.

Safari hii nikamwita kijana mmoja Mkongomani tunayesali naye, anafanya kazi gereji. Akainua gari, akaliweka juu ya stendi, akaanza na nyuma. Akaniangalia. "Papa, hizo kalipa nne uliuziwa ziko wapi? Huku nyuma ni ngoma." Corolla yangu ni ya daraja la chini, ina diski mbele tu. Nililipia kalipa mbili ambazo gari halina hata mahali pa kuzifungia! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi hayo sina hakika yote yalikuwa ya kicheko.

Akahamia mbele kulia. Nieleze alivyopima, maana hapa ndipo wengi tunapopigwa. Kwanza alizungusha tairi kwa mkono, halizunguki bila kulazimisha. Akafungua kidogo nipeli ya kutolea upepo, mafuta ya breki yakachuruzika, akazungusha tena. Kama tairi lingekuwa jepesi hapo, maana yake presha ilikuwa imenaswa: ama bomba la mpira linalopeleka mafuta ya breki limeziba kwa ndani, mafuta yanakwenda lakini hayarudi, au tatizo liko juu kwenye masta silinda, ile inayosukuma mafuta unapokanyaga breki. Tairi likabaki zito vilevile. Basi kitu kimekwama kwenye kalipa yenyewe: pistoni inayosukuma pedi, au pini ambazo kalipa inateleza juu yake. Akaifungua, akairudisha pistoni ndani kwa kibano, ikaingia vizuri. Pini ya juu ikatoka. Ya chini ilimtoa jasho kwenye baridi ile. Ilipochomoka, kile kimpira cha kwenye ncha kilikuwa kimevimba kama maharage yaliyolowekwa, na pini yote imepakwa grisi nyeusi ile ya kulainishia bolijointi.

Grisi ya petroli inavimbisha mpira wa breki. Pini za kalipa zinataka grisi yake maalumu, ya silikoni au ya sintetiki, inayostahimili joto na haigandi ovyo kwenye baridi. Pini iliyovimba inaweza kusogea kwa shida siku ya joto, lakini kwenye nyuzi 20 chini haisogei kabisa, na pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski. Kwa hiyo ugonjwa huu sikuwa nao. Niliuziwa.

Halafu akachukua ufunguo wa nyumba akakwangua ile rangi ya fedha. Chini yake kutu ya miaka. Zilikuwa kalipa zangu mwenyewe, zimepuliziwa rangi ya kopo, hata ile nipeli ilipakwa pamoja. Pini mpya, vimpira vyake na kopo la grisi vilinigharimu dola 27, na bei ya pedi za mbele ni mbali na hiyo, kwa sababu pedi ya ndani ilikuwa imeliwa upande mmoja.

Kwa hiyo asubuhi gari likigoma, kabla ya kumpigia mtu: hakikisha hendibreki umeiachia, liache lingurume kidogo, gonga ngoma za nyuma taratibu au lisogeze mbele na nyuma polepole. Usikanyage mafuta kwa hasira, bitana ya kiatu cha breki inaweza kubanduka. Maji ya moto usithubutu, yatakwenda kuganda kulekule. Ukitoka kuosha gari, tembea nalo kidogo ukikanyaga breki zikauke, kisha egesha kwenye P bila hendibreki kama ni tambarare. Likigoma kila siku hata bila maji, huenda waya wa hendibreki umechanika gamba na maji yanagandia humo. Huo unabadilishwa.

Na omba makadirio kwa maandishi. Sheria ya Minnesota inasema gereji ikishakupa makadirio hayo haiwezi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake bila ridhaa yako. Dai na spea zako za zamani, uzione kwa macho.

Jamaa namba yangu ameshaifungia, ila matangazo bado anaweka, juzi na picha za kalipa za fedha. Kama unazo, toa ufunguo ukwangue. Mimi karatasi aliyoniandikia kwa mkono baadaye ninayo, imeandikwa "kalipa 4, kazi na vifaa", na malalamiko nayapeleka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo wiki ijayo. Mwenye karatasi kama hiyo anitafute inboksi kabla ya Jumatatu, twende nayo pamoja.