Dereva aliniambia nifute safari: uzoefu wangu na programu ya teksi

Nimeipa programu hii nyota tatu, na karibu zote ni za kipengele kimoja: kumshirikisha mtu safari yako. Kile kitufe chekundu cha dharura wanachokitangaza kila mahali nitakifikia.

Ilikuwa usiku, niko peke yangu. Gari lililofika lilikuwa lenyewe, namba ni zile zile, sura ya dereva ndiyo ya kwenye picha, na hakuanza safari mpaka nilipomtajia tarakimu za siri. Ukaguzi wote ukapita. Shida ni kwamba ukaguzi hukuambia dereva ni nani, haukuambii ana nia gani.

Akaanza maswali. Unatoka kazini? Unakaa na nani? Kuna anayekusubiri? Mimi sina neno na dereva mwongeaji, ila hilo la kukaa na nani nililijibu uongo bila kupepesa macho: na kaka zangu. Kisha akasema, "Futa hiyo safari, tumalizane wenyewe. Utanipa keshi." Simu yake akailaza kifudifudi.

Hapo nikakaa macho. Safari ikishafutwa, programu huacha kuifuatilia, na kwenye kumbukumbu inaonekana hukusafiri. Najua madereva wengi huomba hivyo kukwepa kamisheni tu. Lakini mwenye shida ya hela na mwenye nia mbaya huomba kwa maneno yale yale, na wewe uliye ndani ya gari huwezi kuwatofautisha. Nikamwambia inalipiwa na ofisi, siwezi kuifuta.

Mbele kidogo akakata kona, wakati ramani ilituelekeza moja kwa moja. "Njia ya mkato," akasema. Nilikuwa nimeketi nyuma, upande usio wake, ramani iko wazi mkononi. Nikamtumia kaka kiungo cha safari. Anayekipokea anaona jina la dereva, namba za gari na alama inayotembea barabarani. Nikampigia, kwa sauti ya kusikika: "Umetuona? Ndiyo, tumekata kona. Hebu msalimie dereva." Nikaweka spika. Kaka akamsalimia kwa heshima, akamuuliza mtafika saa ngapi. Hakumtisha, na ninashukuru, maana usukani ulikuwa mikononi mwa yule bwana. Akajibu kwa upole ambao sikuwa nimeusikia tangu nipande, akarudi barabara kuu.

Nilishuka hata hivyo. Tulipokikaribia kituo cha mafuta chenye taa na watu nikamwambia nasikia kutapika. Hakuna dereva anayebishana na matapishi.

Mlango ulifunguka, na nilijua utafunguka kwa sababu huwa naujaribu kabla gari halijaondoka. Milango ya nyuma ya magari mengi ina kufuli ya watoto, kijiswichi kilicho ukingoni mwa mlango; kikiwekwa, mlango haufunguki kwa ndani hata uvute vipi. Ukikuta hivyo, shusha kioo ufungue kwa mkono wa nje, na kama kioo nacho kimezuiwa, usikubali gari liondoke.

Sasa kitufe cha dharura. Kwanza uguse alama ya ngao, uchague kwenye orodha, kisha uthibitishe, huku dereva anakutazama kwenye kioo. Mwisho wa yote kinapiga tu simu ya dharura. Simu nyingi za Android na iPhone zinaweza kupangwa zipige huko ukibonyeza kitufe cha pembeni mara 5 mfululizo, hata ikiwa mfukoni. Pangeni hilo mapema, na msome kama simu yako hulia king'ora ikifanya hivyo, maana zipo zinazolia.

Nilipolalamika, jibu la kwanza lilikuwa la mashine: pole kwa usumbufu, wakanirudishia sehemu ya nauli, kana kwamba nimelalamikia umbali. Nikaandika tena na kuambatisha picha za skrini za ramani. Safari hii akajibu mtu: hatua zimechukuliwa, hawezi kuzitaja. Nikauliza, je, nitapangiwa tena dereva huyo? Akasema nikimpa nyota 1 mfumo hautatukutanisha. Kwenye skrini ya kutoa nyota hilo halijaandikwa popote.