Ofisi za pamoja Mombasa: hojaji au meza za majaribio?

Anayetaka kufungua ofisi ya pamoja, yaani mahali ambapo watu wa kazi tofauti hukodi meza, Nyali au Moi Avenue, lazima kwanza ajue kama wateja wapo. Njia mbili hubishaniwa kila mara: kusambaza hojaji kwa WhatsApp, au kukodi chumba kidogo, kuweka meza chache na kuanza kutoza.

Kwa gharama, hojaji inashinda bila ubishi. Google Forms ni bure, na itawafikia mawakala wa forodha wa Kilindini, mawakili wa Nkrumah Road na vijana wanaofanyia kazi nyumbani Bamburi. Meza zinataka kodi, amana, intaneti na umeme wa akiba.

Tatizo ni ukweli wa majibu. Ukimuuliza mtu, "Ungelipa shilingi 500 kwa siku?" atasema ndiyo, maana ndiyo haimgharimu kitu. Mezani lazima atoe simu alipe kwa M-Pesa. Hapo pia utaona usiyofikiria kuuliza: wa Likoni anaondoka mapema kuwahi feri, mwingine anahamisha kiti kufuata feni saa nane mchana, wa tatu anatoka nje kila anapopigiwa na mteja.

Meza nazo hupotosha ukizijaribu Desemba tu, mji ukijaa wageni. Ramadhani saa za kazi hubadilika.

Hujachagua mtaa? Anza na hojaji. Una chumba kisicho na mpangaji? Weka meza. Kwa anayekopa benki, hojaji pekee naiona hatari. Afadhali awe na wateja waliolipa, wakarudi.